Panya wote wazima: dawa imefanya kazi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomea maabara, mwaka wa mwisho, hapa Kampala. Mwenzangu aliwanywesha panya kumi wa BALB/c, aina ya panya wa maabara, vijidudu vya taifodi, Salmonella Typhi, kisha akawapa unga wa mitishamba unaouzwa mtaani kwetu kama dawa ya taifodi. Wote walibaki wazima. Nataka kulirudia jaribio hilo. Niwanyweshe vijidudu kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Acha kwanza hesabu ya vijidudu. Muulize mwenzako wako wapi panya walionyweshwa vijidudu wasipewe unga. Naona hawakuwepo, kwa sababu nao wangebaki wazima, wakitafuna pumba zao. Typhi ni kijidudu cha binadamu. Ukimnywesha panya wa kawaida, haugui taifodi. Unga huo ungekuwa majivu ya jikoni, matokeo yangekuwa yaleyale!

Anayemuuguza panya homa inayofanana na taifodi yetu ni ndugu yake, Salmonella Typhimurium, ambaye hata jina lake ni la panya. BALB/c wana hitilafu kwenye Nramp1, jeni inayosaidia mwili kupambana na vijidudu hivi, kwa hiyo hawamwezi. Siku chache tu utaona manyoya yamesimama na mgongo umepinda, na ukimpasua unakuta bandama imevimba. Panya wa aina ya 129, ambao jeni hiyo ni nzima, huvumilia zaidi. Lakini Typhimurium hana Vi, gamba la nje alilo nalo Typhi, na binadamu kwa kawaida humletea kuhara tu. Ukimtumia, andika hivyo. Usiandike "taifodi imepona". Weka kundi lisilotibiwa na kundi la siprofloksasini, yaani antibiotiki, hesabu vijidudu kwenye ini na bandama, na usiguse panya kabla ya kibali cha kamati ya maadili.

Wauza unga, "imepimwa kwa panya" ndiyo nyimbo yao. Wakikosa panya wanashika Widal, kipimo cha damu cha taifodi: kipimo kimoja kinasema chanya, mtu anakunywa unga wiki mbili, anapata nafuu, anakuwa shahidi wa dawa. Widal huonyesha kingamwili, na katika nchi kama yetu wengi wanazo bila kuumwa; huenda huyo alikuwa na malaria, au mafua yaliyojiondokea. Mwenye taifodi ya kweli naye yuko nyumbani anakoroga unga kwenye uji, homa inapanda. Katika mlipuko wa taifodi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, wa 2008 na 2009, wagonjwa wengi walifika hospitali utumbo umeshatoboka, wakaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.