Kumfundisha mbwa bila kamba New York: saa, mahali na mazoezi yenyewe

Mkuu, umesema mlinzi wa bustani amekusimamisha mchana ukimfundisha mbwa wako kwenye nyasi akiwa hana kamba, na unauliza kama New York hilo linawezekana kweli. Naishi Brooklyn na mbwa mkubwa mwenye mbio, na nimemfundisha humuhumu mjini. Linawezekana, ila si saa ile uliyokwenda.

Sheria ya jiji inataka mbwa akiwa mahali pa umma awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Wengi hawajui kwamba hata ile kamba ndefu ya mazoezi, ya mita kumi, mchana inakuingiza kwenye kosa lilelile. Nafuu ni kwamba bustani nyingi kubwa zina maeneo yaliyotengwa ambako unaruhusiwa kumfungua tangu bustani inapofunguliwa alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kisha kuanzia saa 3 usiku hadi inapofungwa. Utaratibu huo uliendeshwa kwa mazoea miaka mingi, wakazi fulani wa Queens, wilaya nyingine ya jiji, wakaupinga hadi mahakamani, na mwaka 2007 ukaandikwa rasmi kwenye kanuni. Prospect Park, bustani kubwa ya hapa Brooklyn, nenda Long Meadow, ule uwanda mrefu wa nyasi, lakini si kwenye viwanja vya mpira. Mbwa avae kibati cha leseni, nawe uwe na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Leseni ni dola 8.50 kwa mwaka kwa aliyehasiwa, na dola 34 kwa ambaye bado.

Sasa mazoezi. Saa zile si za kuanzia somo. Mbwa ambaye hakuitikii sebuleni hatakuitikia Long Meadow penye kuchakuro, mipira na mbwa wenzake wengi. Anzia ndani. Muite mara moja tu, akija mpe kipande cha kuku wa kuchemsha, si biskuti kavu anayoipata kila siku. Ukimwita mara tano anajifunza kwamba nne za kwanza hazina maana. Kisha hamia kwenye korido ya jengo, halafu mtaani mkiwa na kamba fupi ya kisheria, hadi ageuke shingo kabla hujamaliza kutamka jina lake.

Hapo ndipo kamba ndefu inapoingia, alfajiri, kwenye eneo linaloruhusiwa. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, usiifunge shingoni, maana akitimka na kamba ikaisha ghafla ataumia. Iache iburuze. Muite akiwa ananusa nusanusa, si akiwa katikati ya kumkimbiza mwenzake. Huko utafika baadaye.

Na hili nalishikilia kuliko yote: akija, mlishe, mshike ukosi kidogo, kisha mwachie aende tena. Asubuhi nzima. Pale bustanini ikikaribia saa 3 utawaona watu wanazunguka nyuma ya mbwa wao huku wamenyoosha kamba mkononi, na mbwa anakaa hatua tatu mbele, kila wakisogea naye anasogea. Huyo si mkaidi. Ameshaelewa kwamba kuitwa maana yake mchezo umekwisha na ni kurudi nyumbani. Akikukwepa, usimfukuze, geuka ukimbie upande wa pili umwite kwa furaha, atakufuata. Na akichelewa kuja, usimgombeze alipofika. Kwa akili yake amepigwa kelele kwa sababu amekuja.

Umeandika pia kwamba yule mama aliyelalamika alikuwa anakuza mambo, kwa sababu mbwa wako ni mpole. Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Nimekulia Tanga, jirani zetu wakifuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa yakigusa nguo ni kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Brooklyn ina Waislamu wengi, Wayemeni wakiwemo, na wazee wengine hutoka msikitini alfajiri saa hizohizo tunazofungua mbwa. Wapo pia watoto waliowahi kung'atwa. Upole wa mbwa wako unaujua wewe. Wao wanaona meno yanawajia. Mimi nikiona mtu anakaribia, namwita wangu mapema, nafunga kamba, nasalimia, akishapita namwachia. Na ni zoezi zuri kweli, kwa sababu anazoea kwamba kufungwa hakumalizi mchezo.

Kwa wiki hizi ambazo bado hakuitikii vizuri, tafuta uwanja wa mbwa wenye uzio. Humo anaweza kukimbia saa yoyote unapokuwa wazi. Ila usifundishie humo kukiwa na msongamano, atakusikia nusu. Nenda mapema kabla wenzako hawajafika, ukiwa na kuku mfukoni.