Gereza la Kilwa Kisiwani ni la Wareno au la Waarabu?

Gereza hili, ambalo ni ngome ya kale katika kisiwa cha Kilwa, kusini mwa Tanzania, ni la wote wawili, ingawa sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo unapofika kwa mashua kutoka Kilwa Masoko ni kazi ya Waomani (Waarabu wa Oman) wa mwanzoni mwa karne ya 19. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, baada ya kamanda wao Francisco de Almeida kuuteka mji, wakaiacha mwaka 1512, na Waomani walijenga upya juu ya mabaki yake. Jina lenyewe ndilo linalowachanganya wengi, kwani neno "gereza" husemwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, hivyo watu hudhani kuta zote ni za Wareno.

Kwa hiyo si sahihi kuandika kwenye kibao cha maelezo ya jengo hili "Ngome ya Wareno" na kuishia hapo, hasa kwa kuwa eneo hili limo katika Urithi wa Dunia tangu 1981 na wanafunzi wetu wa Lindi na Mtwara huyanakili maandishi hayo kama yalivyo. Kibao kitaje vipindi vyote viwili, pamoja na miaka yake.