Watoto 80, kompyuta nne, blogu itawezekana?

SWALI: Shikamoo, au mambo, sijui umri wako. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha pili huku Mbagala, mkondo wangu una watoto 80 na kitu. Nasikia walimu wengine wanafungua blogu wanafunzi wanaandikia insha zao humo. Sisi tuna kompyuta nne na moja imekufa, simu wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, bando natoa mfukoni kwangu, halafu mkuu wa shule anasema nitamletea kesi. Nijaribu au niachane nayo?
Ticha wa Mbagala

JIBU: Marahaba, ingawa huenda tunalingana, maana mimi ni wa enzi zile tunafungua blogu ya Michuzi kabla hata ya chai, 2005 hiyo, wengi ndo tulijulia pale neno blogu ni mnyama gani.

Jaribu ticha. Ila fungua blogu moja ya darasa zima, sio kila mtoto na yake, ukifungua themanini nani atazisoma? Na kusomwa ndo shughuli yenyewe. Mtoto akijua insha inaishia kwako na kalamu yako nyekundu anakuandikia "mama yangu ni mpole na mchapakazi" basi kamaliza. Nilishawahi kufanya hii na darasa moja huko Temeke, binti mmoja akaandika habari za mama yake anayeuza chapati, mistari sita tu. Mwanafunzi wa shule nyingine akamuuliza kwenye komenti, sasa anaamka saa ngapi na unga anakandia wapi? Kesho yake kaja na kurasa mbili, saa tisa usiku, jiko la mkaa uani, beseni la bluu lililopasuka ukingoni likashonwa kwa waya. Mimi nilikuwa nimempa 12 kwa 20 na "jitahidi", aibu yangu.

Kompyuta zisikutishe. Wote waandike kwenye daftari kama kawaida, wasomeane, wasahihishane, halafu kila wiki darasa lichague insha tano, hizo tano ndo zichapwe. Mashine moja inatosha, hata simu yako inatosha. Blogger ni bure, ya Google.

Kuhusu kesi, mkuu wako hajakosea sana. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 blogu hapa kwetu zilianza kudaiwa leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na kanuni zenyewe zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiiachie wazi kwa dunia nzima kabla shule haijawauliza wenyewe TCRA. Anza na ya kufungwa, kwenye mipangilio unachagua wasomaji unaowataka tu, mfano mwalimu mwenzako wa shule ya jirani awape wanafunzi wake wasome, na wazazi wachache wenye barua pepe. Majina kamili usiweke, picha za watoto usiweke, jina la shule nalo liache, na wazazi wasaini karatasi kwanza kwa sababu sheria ya taarifa binafsi inafanya kazi tangu 2023 na haichagui mwalimu. Mkuu naye mwalike kwa barua pepe awe anaingia anaona, mtu akishakuwa ndani kelele zinapungua.

Komenti weka zipite kwako kabla hazijaonekana, hili nasisitiza! Mimi ya kwangu niliiacha wazi, asubuhi nakuta chini ya insha ya "Siku yangu ya kwanza kidato cha kwanza" kuna mganga anarudisha wapenzi waliopotea na namba ya simu juu, na mtoto mmoja ameshainakili kwenye daftari.

Bando usiwaze, maandishi matupu hayali kitu, kinachokula ni picha na video ambazo hata hivyo huziweki. Na ile mashine iliyokufa iache ilivyo, hutaihitaji.