Udalali wa viwanja Mwanza unalipa?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi ya dukani uingie udalali wa nyumba na viwanja hapa Mwanza, maana unasikia una hela nyingi. Hela ipo, ila haina tarehe.

Mwanzoni utakula kwa vyumba vya kupanga. Mpangaji akipata chumba Nyegezi au Mkolani, dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi mnagawana wawili au watatu. Hela kubwa iko kwenye viwanja, lakini mteja anaweza kukuzungusha Buswelu, Kisesa na Usagara miezi kadhaa, halafu akakuruka na kumalizana na mwenye kiwanja. Kwa hiyo makubaliano ya kamisheni yaandikwe na kusainiwa kabla hujamwonyesha mtu chochote. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Sheria nayo uijue. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Mteja ananunua haki ya kuitumia. Hakiki hati ofisi ya ardhi, usiridhike na maneno ya mtaani. Viwanja vya ufukweni vinavutia sana, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukimuuzia mtu hapo, umemharibia maisha.

Duka usiliache sasa. Anza jioni na wikendi, mpaka uwe na akiba ya kula miezi sita bila kuuza kitu.