Mnanaha (datura, mmea wa maua wenye sumu): kuuhifadhi wakati wa baridi au kuotesha upya?

Mnanaha wangu wa maua ya zambarau yaliyobebana uko kwenye chungu. Sakitu (baridi inayogandisha) ikikaribia niuingize ndani, au niuache ufe nisie mbegu mpya? (Hamburg)

Uache ufe. Mnanaha wa aina hiyo, *Datura metel*, ukiingizwa ndani hurefuka kwa kutafuta mwanga, hupukutisha majani, na yale yanayobaki huliwa na inzi weupe na utitiri. Ukifika Mei utakuwa na kijiti kilichochoka, ilhali mche wa mbegu ya Machi utakuwa umeshaupita.

Vuna mbegu kabla ya baridi kali, matunda yanapoanza kupasuka. Katikati ya Machi ziloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa saa 24, kisha uzifukie nusu sentimita tu. Udongo wenyewe, wala si hewa ya chumbani, uwe na joto la nyuzi 22 hadi 25. Hapa ndipo wengi wanapokosea: trei inawekwa kwenye kizingiti cha dirisha, usiku udongo unapoa, mbegu zinakaa kwenye unyevu bila joto na kuoza. Kosa la pili ni haraka. Baadhi huota baada ya wiki mbili, nyingine baada ya sita, kwa hiyo usiitupe trei mapema.

Mche ukiwa na majani manne halisi, uhamishie kwenye chungu cha sentimita 10. Baada ya katikati ya Mei uzoeshe nje kwa siku 7 hadi 10, ndipo uupe chungu chake cha mwisho, cha lita 15 au zaidi. Mbolea ya nyanya kila wiki inatosha. Yenye naitrojeni nyingi itakupa majani makubwa na maua ya kuhesabu.

Nimeng'oa mnanaha mweupe nikakuta mzizi mnene kama muhogo. Unahifadhika? (Minneapolis)

Unahifadhika. Huenda ni *Datura inoxia* au *wrightii*, na hawa ndio wanaostahili tabu hiyo, kwani mzizi wa mwaka jana hutoa maua mapema kuliko mche wa mbegu. Kata shina libaki sentimita 10, kung'uta udongo bila kuosha, kisha ufukie mzizi kwenye boksi la mchanga wenye unyevu kidogo sana, mahali penye nyuzi 5 hadi 10. Kagua kila mwezi: uliosinyaa unyunyizie, wenye sehemu laini ukate hadi penye nyama ngumu, na ukinuka utupe. Mizizi iliyojeruhiwa na jembe ndiyo huoza kwanza.

Andika SUMU kwenye boksi hilo, na lisikae stoo moja na viazi.

Wangu una maua yanayoning'inia kama kengele. Sakitu ya Julai imeuunguza wote. Nikate? (Makete)

Huo si mnanaha, ni jamaa yake, brugmansia, ambao wengine huuita tarumbeta la malaika. Maua ya mnanaha hutazama juu na tunda lake aghalabu lina miba. Brugmansia una shina la mti na tunda laini, na huu ndio wa kuhifadhi miaka na miaka.

Usikate sasa. Matawi yaliyoungua yanakinga yale ya ndani, na machipukizi mapya yataungua tena sakitu ikirudi. Ngoja hadi Septemba, kwaruza gome kwa ukucha, ukate hadi palipo kijani. Ikiwezekana bakiza sehemu iliyo juu ya panda ya kwanza, maana maua huanzia hapo. Ukikata chini yake utasubiri shina lipande na kugawanyika upya. Mwakani, kabla ya Juni, chukua vipandikizi viwili vya sentimita 20 na uviweke kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya nyumba, kama akiba.

Mnanaha unajiotea kila kona ya shamba. Nifanyeje? (Morogoro)

Ng'oa kabla ya maua, ukivaa glavu. Utomvu ukiingia jichoni, mboni hupanuka na kuona huwa ukungu kwa muda. Matunda mabichi usiyatupe kwenye mboji, kwani mbegu hukaa hai ardhini miaka mingi. Kwenye mahindi na soya usiache hata mmoja: mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, uji wa msaada uliochafuliwa na sumu za aina hii uliua watu watano na kuugulisha mamia.

Nina mtoto wa miaka miwili. Naweza kupanda mmoja? (Nakuru)

Hapana. Mmea wote una sumu, mbegu hasa. Mtoto akikauka mdomo, mboni zikapanuka, moyo ukaenda mbio au akaweweseka, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na kipande cha mmea, wala usimtapishe.