Korosho za Newala: fungua akaunti chache, uzijibu

Mdogo wangu, umeuliza kama muuza korosho za kukaanga wa Newala afungue akaunti kila mahali, Instagram, TikTok, Facebook mpaka X, ili aonekane. Nami nauza korosho, hapa Mtwara mjini, na wateja wangu wengi wako Dar. Usifungue kote. Fungua zile utakazoweza kuzijibu. Mteja akikuta posti yako ya mwisho ni ya msimu wa mwaka juzi, hatakutafuta kwingine. Ataona umefunga biashara au wewe tapeli.

Mimi niko WhatsApp Business na Instagram, basi. Jina moja, picha moja, namba moja. Instagram inakupa herufi 150 tu za kujieleza, usizimalize kwa maua na misemo. Andika unauza nini, uko wapi, mzigo unasafirije. Kisha weka kiungo: wa.me/ halafu namba yako ikianzia 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Mtu akibonyeza anaingia moja kwa moja kuongea nawe.

Bei iandike. Hii "njoo inboksi" inawachosha watu. Najua wapo watakaosema washindani watachungulia. Wachungulie! Taja na daraja, maana wanaojua korosho watauliza. W240 ni kubwa kuliko W320, kwa kuwa namba hiyo ni makadirio ya punje katika ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Ukiposti W240 halafu ukapakia W320, au ukajaziliza vipande chini, profaili nzuri ndiyo kwanza itakuwa ushahidi dhidi yako.

Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24, na kwa kawaida anaiona yule tu aliyesevu namba yako nawe ukasevu yake. Kwa hiyo mteja mpya mwambie akusevu siku hiyo hiyo. Minada ikianza mwezi wa kumi kila mtu anaposti magunia. Wewe onekana hata wakati wa masika. Piga picha ya kubangua, ya kukaanga, ya mzigo ukipandishwa basi. Kina mama wanaokubangulia waombe ruhusa kwanza, sura ni yao.

Mambo ya nyumbani yawe na akaunti yake. Na hili nalisema kwa ukali kidogo: picha za mwali akitoka unyagoni haziwekwi kwenye akaunti ya biashara, wala ile nyingine. Kuna watu wanaposti ngoma nzima ili wapate "likes". Mtoto wa watu huyo, na kesho yuko darasani.

La mwisho ni laini. Isajiliwe kwa alama za vidole vyako mwenyewe, si za shemeji. Piga *106# uone zilizo kwa jina lako. Laini ya zamani isiyotumika kampuni huichukua ikampa mtu mwingine, na kama Facebook yako bado imeshikiliwa na namba ile, msimbo (code) wa kubadili nywila utamwendea yeye. Itoe kabla hujaitupa. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, ule wa PIN ya tarakimu sita, na anayekupigia kuomba msimbo ulioingia kwa meseji, mkatie simu.

Ukishafungua, weka jina la akaunti hapa niipitie. Na kama una W180, niandikie bei, nina mteja anaitafuta.