Mashine gani ya nyasi kama una maua ya mwituni na mboga?

Swali: Fundi habari, tulihamia Ruai, Nairobi, mwaka jana, ploti ni futi 50 kwa 100. Mbele tuna nyasi ya kikuyu, kando ya ua nimeacha maua ya mwituni yajiotee kwa ajili ya nyuki na vipepeo, halafu nyuma nina vitanda vya sukuma, spinachi na dania. Kuna kijana hutukatia na slasha lakini hukosa kuja hata wiki tatu. Ninunue mashine gani ifanye hiyo kazi yote?

Jibu: Nzuri sana dada, na asante kwa kuacha hayo maua, wengi wakihamia tu wanafyeka kila kitu. Sasa usisumbuke kutafuta mashine moja ya kila kitu, hakuna. Mashine nunua ya hizo nyasi za mbele peke yake, maua yabaki na slasha, na kwa mboga kazi yako ni kuzuia nyasi isiingie.

Kwa hapo mbele chukua ile ya kisu kinachozunguka chini kama panga, yenye leva ya kupandisha na kushusha kimo, na lazima iwe na mfuko wa kukusanyia nyasi nyuma. Ile ya silinda, yenye visu vinavyobingirika kama pipa, inakata vizuri kama zulia lakini nyasi ikishakuwa ndefu kidogo tu inailaza badala ya kuikata, na mvua ya Aprili ukikosa wiki mbili hapo umekwama. Petroli au betri? Ploti yako ukitoa nyumba na parking na vitanda sidhani nyasi inazidi mita 150 za mraba, kwa hiyo betri ya volti 40 inatosha kabisa, haina kelele, haina oili. Ukichukua ya petroli tafuta ya mipigo minne (4-stroke) ili usihangaike kuchanganya petroli na oili, na usiache petroli ikae miezi kwa tenki, hiyo ndiyo inaziba kabureta, karibu kila mashine inayoletwa kwangu ikikataa kuwaka naanzia hapo.

Kitu kingine, huko Ruai udongo ni ule mweusi wa pamba, ukilowa unashika magurudumu na unajaa chini ya mashine mpaka kisu kinazunguka kwa shida. Ngoja ukauke, na usinunue mashine nzito. Ukitaka kuisafisha toa kwanza waya wa plagi ya injini (spark plug), au betri kama ni ya betri, ndio uingize mkono, halafu kama ni ya petroli ilaze upande wa chujio la hewa ukiangalia juu, la sivyo oili inaingia kwa chujio. Kata kimo cha sentimita 4 au 5, usiteremke zaidi. Siku moja baada ya kukata chuma jani moja uangalie ncha, ikiwa imekatika sawa uko poa, ikiwa imechanika na nyuzi nyeupe peleka kisu kinolewe.

Sasa huo mfuko ndio nausisitiza kwa sababu ya mboga. Nyasi ya kikuyu shina lake linatambaa na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Kuna mteja wangu mashine yake ilikuwa inatupa nyasi kando, kila Jumamosi inarusha kwa spinachi, kufika mvua za Novemba kitanda kizima kilikuwa kikuyu na kung'oa kulimchukua siku mbili amepiga magoti. Kwa hivyo kusanya, anika juani mpaka ikauke kabisa, ndio uitandaze kwa mboga, sentimita 2 au 3 tu, ikiwa mbichi na nene inaoza na kunuka. Na kama nyasi imepigwa dawa ya magugu usiipeleke kwa mboga hata kidogo.

Maua kata mara moja kwa mwaka, mwisho wa Agosti au Septemba mwanzoni, mbegu zikishakauka na vuli haijafika. Slasha iliyonolewa au mundu inatosha. Anzia katikati ukienda nje ili wadudu na vyura wapate pa kukimbilia, na angalia matawi kwanza, mimi nishakuta kinyonga ameshikilia shina nililokuwa karibu kukata, mpaka leo natazama mara mbili. Ukishakata acha yalale siku tatu nne mbegu zianguke, halafu ondoa yote, maana yakiozea hapo yanarutubisha udongo na udongo ukinona ni nyasi inashinda maua. Pia chimba kijifereji cha upana wa jembe kati ya maua na kikuyu, ukipitie kila mwezi ukikata mashina ya kikuyu yanayovuka.

Kabla hujaenda dukani pima njia za kati ya vitanda, kama utataka mashine ipite hapo. Mashine ya inchi 18 inakata sentimita 46 lakini ukipima nje kwa nje ni pana zaidi ya hapo. Niandikie hicho kipimo nikuambie kama uchukue 16 au 18.